Mtakatifu Antoni: wa Lisbon au wa Padua?



Kila ifikapo tarehe 13 Juni, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Sanamu yake waamini wetu wanaijua vema: ndugu kijana mwenye kanzu ya kitawa, Mtoto Yesu mkononi, na ua la yungiyungi kando yake. Humkimbilia wanapopoteza fedha, funguo au cheti cha mtoto, na wengi hushuhudia kwamba wamesikilizwa. Lakini wachache wetu tumewahi kusimama kidogo mbele ya jina lake lenyewe. Antoni hakuzaliwa Padua. Hakulelewa Padua, hakusomea Padua, wala hakupewa daraja takatifu ya Upadre Padua. Miaka aliyoishi katika mji huo ni michache sana, tena si yote mfululizo. Hata hivyo, karibu miaka mia nane imepita na dunia nzima inamwita kwa jina la mji huo.

Ndugu zetu wa Ureno hawajawahi kulikubali jambo hili kikamilifu. Kwao yeye ni Mtakatifu Antoni wa Lisbon, na tarehe 13 Juni ni sikukuu ya mji wao mkuu. Je, nani ana haki? Mtu ni wa mahali alipozaliwa, au ni wa mahali alipoyatoa maisha yake? Swali hili si la Wareno na Waitalia peke yao. Katika parokia zetu huulizwa kila siku kwa maneno mafupi: Kwenu ni wapi? Mara nyingi huulizwa kwa upendo, lakini mara nyingine huulizwa ili kumwekea mtu mpaka. Ndiyo maana tumeona vema mwaka huu kuyapitia tena maisha ya Mtakatifu huyu tukiwa na swali hilo mkononi.

Mtoto wa Lisbon

Antoni alizaliwa Lisbon karibu na mwaka 1195, akabatizwa kwa jina la Fernando. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa jirani na kanisa kuu la mji, na shule yake ya kwanza ilikuwa ile ya kanisa hilo. Ukienda Lisbon leo, utakuta hatua chache tu kutoka kanisa kuu kanisa jingine lililojengwa mahali ambapo mapokeo yanasema ndipo ilipokuwa nyumba hiyo. Tetemeko kubwa la mwaka 1755 liliubomoa mji, na kanisa hilo nalo likaanguka, lakini watu walilijenga upya palepale. Mtu anayeipenda nyumba namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba mahali pa kuzaliwa si kitu.

Lakini tuutazame mji wenyewe. Fernando alipozaliwa, haikuwa imetimia hata miaka hamsini tangu mfalme Afonso Henriques autwae Lisbon kutoka mikononi mwa watawala Waislamu, mwaka 1147, kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliotoka Ulaya ya kaskazini. Si wachache, basi, miongoni mwa waliojiita wenyeji, ambao babu zao walikuwa wamezaliwa kwingine. Tukichunguza kwa unyofu asili ya miji yetu, hata ya vijiji vyetu, tutakuta mara nyingi hali ni hiyohiyo: tofauti kati ya mwenyeji na mgeni ni suala la nani alitangulia kufika.

Akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, Fernando aliingia katika shirika la Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, katika monasteri ya São Vicente, nje ya kuta za mji. Hapo ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza jinsi nyumbani kunavyoweza kuwa baraka na kikwazo kwa pamoja. Ndugu na marafiki walimtembelea mno. Utulivu wa sala na masomo ulivurugika. Baada ya miaka kama miwili kijana huyu akawaomba wakubwa wake wamhamishie Coimbra, katika monasteri ya Msalaba Mtakatifu. Hakukimbia kwa kuwachukia jamaa zake. Alitambua tu kwamba wito wake ulihitaji umbali. Kila mseminari aliyepanda basi kwa mara ya kwanza kwenda seminari ndogo, akamwacha mama amesimama kituoni, analielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Coimbra na miili ya wageni

Coimbra ulikuwa wakati huo mji wa wafalme wa Ureno, na monasteri ya Msalaba Mtakatifu ilikuwa na maktaba nzuri na walimu hodari. Huko Fernando alizama katika Maandiko Matakatifu na maandishi ya Mababa wa Kanisa. Ile hazina ya Maandiko iliyokuja kuwashangaza Waitalia baadaye ilikusanywa Ureno, kwa jasho la miaka mingi ya ukimya. Tukilisahau hilo tutawadhulumu Wareno. Padua iliyavuna matunda ya shamba ambalo haikulilima.

Mwaka 1220 uliyageuza maisha yake. Ndugu watano wa Mtakatifu Fransisko, Waitalia, walikuwa wamepita Ureno wakielekea Moroko kuhubiri Injili. Tarehe 16 Januari mwaka huo waliuawa huko Marrakech. Hawa ndio wafiadini wa kwanza wa Shirika la Ndugu Wadogo: Berardo, Petro, Otto, Akursio na Adiuto. Miili yao ililetwa Coimbra na kuwekwa kwa heshima katika kanisa la monasteri alimokuwa Fernando. Alisimama, basi, mbele ya wanaume waliozaliwa nchi moja, wakafa nchi ya pili, na sasa wanazikwa nchi ya tatu. Walikuwa wa wapi? Fernando hakuandika jibu. Alijibu kwa miguu.

Nje ya Coimbra, mahali paitwapo Olivais, palikuwa na makao madogo ya Ndugu Wadogo, waliokuwa wakija monasterini kuomba chakula. Aliwaomba wampokee, kwa sharti kwamba wamtume Moroko akamtangaze Kristo hata kufa. Wakampokea. Akaiacha kanzu ya Wakanoni, akaliacha na jina alilopewa na wazazi wake. Kikanisa cha Olivais kilikuwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Antoni Abati, baba wa wamonaki, mtu wa Misri. Fernando akalitwaa jina hilo. Sisi Waafrika tulione jambo hili kwa shukrani: jina ambalo Wareno na Waitalia wanalishindania, Mtakatifu huyu alilirithi kutoka kwa mzee wa jangwani, mwana wa bara letu.

Safari iliyopotoshwa na upepo

Antoni alikwenda Moroko kama alivyotaka, lakini hakuupata ufiadini. Alishikwa na ugonjwa mkali uliomlaza muda mrefu, hata ikambidi akubali kurudishwa Ureno. Tuone vema: katika safari hiyo alikuwa anarudi nyumbani. Meli iliyombeba ilikumbwa na dhoruba, upepo ukaisukuma mbali upande wa mashariki, mpaka ikafika Sisilia. Antoni akashuka katika nchi ambayo hakuichagua, mgonjwa, asiyejulikana na mtu, akapokewa na ndugu zake wa shirika karibu na Messina. Ureno hakuiona tena maishani mwake.

Hapa lipo fundisho kwa wale wanaosema kwamba mtu huchagua nyumba yake ya pili. Antoni hakuichagua Italia. Alichagua Moroko akanyimwa, alikubali Ureno akanyimwa, akapewa Italia. Wengi wetu tunaoishi mbali na tulikozaliwa tukiulizwa tulifikaje hapa tulipo, tutakuta historia yetu inafanana na yake zaidi kuliko tunavyodhani. Mmoja alifuata kibarua cha miezi mitatu. Mwingine aliolewa. Mwingine alihamishwa na mwajiri. Mwingine alikimbia vita. Kilichobaki mikononi mwetu ni namna tunavyopaishi mahali upepo ulipotutupa.

Wakati wa Pentekoste mwaka 1221 Ndugu Wadogo walikusanyika kwa mkutano mkuu wao Assisi, Mtakatifu Fransisko mwenyewe akiwapo. Mkutano ulipokwisha, wakuu wa kanda waligawana ndugu wa kuondoka nao. Huyu Mreno dhaifu hakuombwa na yeyote. Hakuwa na kanda, wala mkubwa wa kumwita wake. Mwishowe alimwendea ndugu Grasiano, mkuu wa kanda ya Romagna, akaomba achukuliwe. Akapelekwa katika makao ya upweke ya Montepaolo, karibu na Forlì, ambako aliwaadhimishia ndugu Misa Takatifu na kuwahudumia kwa kazi ndogondogo za nyumbani. Mwanazuoni wa Coimbra akawa mtu wa jikoni, na hakumwambia mtu alichokuwa nacho kichwani.

Mwaka uliofuata, huko Forlì, palikuwa na upadrisho, na Wadominiko walikuwa wamealikwa. Ilipofika saa ya kutoa neno, kila mmoja alijitetea kwamba hakujiandaa. Mkubwa akamwamuru Antoni aseme lolote Roho Mtakatifu atakalompa. Akaanza kwa unyenyekevu, na kadiri alivyoendelea wasikilizaji walishikwa na mshangao. Mgeni ambaye hakuna aliyemtaka alikuwa na hazina ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Ni mara ngapi katika jumuiya zetu tunakaa miaka na mtu mwenye karama, tusijue, kwa sababu tu hakuzaliwa nasi na hatukupata kumuuliza?

Mtu wa kila mji

Tangu siku ile Antoni hakutulia. Alihubiri kaskazini mwa Italia, akijadiliana na Wakathari katika miji kama Rimini. Mtakatifu Fransisko akamruhusu kwa barua awafundishe ndugu teolojia, mradi masomo yasiizime roho ya sala, akafundisha Bologna. Kisha akatumwa kusini mwa Ufaransa, akafanya kazi Montpellier, Toulouse na Limoges, ambako alipewa pia uongozi wa ndugu. Mwaka 1227 alirudi Italia, akawekwa kuwa mkuu wa kanda ya kaskazini. Mwaka 1230 alipumzishwa uongozi huo, naye akaelekea Padua.

Ukihesabu mahali alipolala na kuamka, basi Antoni ni wa barabarani. Kwa nini Padua ndiyo iliyobaki na jina lake? Nasi tunaona jibu halipo katika wingi wa siku. Lipo katika alichokifanya hapo.

Kwaresima ya mwaka 1231 alihubiri Padua kila siku, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Watu walimiminika kutoka mjini na vijijini hata makanisa yakashindwa kuwatosha, akawa anahubiri viwanjani. Baada ya mahubiri aliketi kuungamisha saa nyingi, akiwa amefunga. Maadui walipatana, na wezi walirudisha walichoiba. Lakini Antoni hakuishia katika kuwaonya mtu mmoja mmoja. Padua ulikuwa mji wa biashara wenye wakopeshaji wa riba, na mdaiwa aliyeshindwa kulipa alitupwa gerezani, familia yake ikibaki bila tegemeo. Antoni alilisema hilo waziwazi, na mwezi Machi mwaka huohuo baraza la mji likabadili sheria: mdaiwa atakayekubali kuitoa mali yake asifungwe kwa ajili ya deni. Sheria hiyo yenyewe inataja kwamba imewekwa kwa ombi la ndugu Antoni. Mgeni huyu hakusema kwamba mambo ya mji yanawahusu wenyeji. Aliyaona machozi ya Padua kuwa machozi yake.

Tena hakufanikiwa katika yote. Baada ya Kwaresima hiyo alikwenda Verona kumsihi mtawala mkali, Ezzelino da Romano, amwachilie huru mateka mwenye cheo na wenzake. Ezzelino alikataa, na Antoni akarudi mikono mitupu. Mtu anayekwenda kuaibika mbele ya dhalimu kwa ajili ya wafungwa wa nchi ambayo hakuzaliwa, huyo amekwisha kuwa mtu wa nchi hiyo, hata kama safari yake haikuzaa tunda.

Kufia njiani

Nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alijitenga Camposampiero, mahali pa kimya si mbali na Padua, ambako walimjengea chumba kidogo juu ya mti mkubwa wa jozi, apate kusali. Tarehe 13 Juni 1231, akiwa mezani pamoja na ndugu, alizidiwa. Aliomba apelekwe Padua. Wakamlaza juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, wakasafiri katika joto la kiangazi. Hawakufika. Katika kitongoji cha Arcella, mbele ya lango la mji, ilibidi wamwingize katika nyumba ya ndugu waliowahudumia watawa wa Mtakatifu Klara. Hapo akafa. Hakuwa amefika miaka arobaini.

Tulitafakari jambo hili: katika saa yake ya mwisho hakuomba kurudishwa Lisbon, na hakuna ambaye angeweza kumrudisha. Alitaja Padua. Ndilo neno pekee tulilo nalo kutoka kwake kuhusu mahali alipotaka kulazwa, na alilisema kwa kuomba safari ambayo mwili wake haukuweza kuimaliza.

Kilichofuata kingeweza kutokea katika mtaa wowote wa kwetu. Watu wa upande wa Arcella walisema: amefia kwetu, atazikwa kwetu. Watu wa mjini na ndugu wa kanisa la Bikira Maria walikokuwa makao yake walisema: alitaka kuja kwetu, aletwe. Watu walishika silaha, na kwa siku kadhaa hali ilikuwa ya hatari. Askofu akaamua kwamba mapenzi ya marehemu yafuatwe, na tarehe 17 Juni, siku ya Jumanne, akazikwa Padua. Ndiyo asili ya ibada ya Jumanne ya Mtakatifu Antoni. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 30 Mei 1232, Papa Gregori IX alimtangaza Mtakatifu huko Spoleto.

Wareno walikuwa mbali na ugomvi huo, lakini mapokeo yao yanasimulia kwamba siku ya kutangazwa kwake kengele za Lisbon zililia zenyewe. Wanasimulia pia kwamba akiwa angali hai, usiku mmoja alichukuliwa kimuujiza kutoka Italia hadi Lisbon ili amtetee baba yake mahakamani. Hatulazimiki kuyapokea masimulizi haya kama historia. Lakini tunaisikia ndani yake sauti ya mama ambaye mwanawe hakurudi, na anayekataa kuamini kwamba amesahauliwa.

Kaburi lililochimbwa bure

Sisi tunaoandika haya tuna sababu ya kuuelewa ugomvi wa Arcella. Katika parokia mojawapo tuliyowahi kuihudumia alikuwapo mzee, katekista, aliyefika akiwa kijana kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Alizaliwa mbali, katika mkoa mwingine na kabila jingine. Kwa zaidi ya miaka arobaini alifundisha mafundisho ya Ubatizo, akaongoza ibada palipokosekana padre, akawazika wafu wa kijiji kizima. Mwaka mmoja jina lake lilipendekezwa kwa uenyekiti wa Halmashauri ya Walei. Mtu mmoja akasimama akasema kwamba mzee ni mwema, lakini ni wa kuja. Kikao kikanyamaza. Nasi tuliokuwa paroko wake tulinyamaza pia, tukijiambia kwamba ni busara kutochochea moto. Akachaguliwa mwingine. Mzee aliendelea kufundisha watoto kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alipofariki, jumuiya yake ilichimba kaburi katika makaburi ya parokia. Usiku jamaa walifika na gari kutoka alikozaliwa, wakidai mwili. Wale waliomwita wa kuja sasa ndio waliolia kwa nguvu kwamba ni wao. Wale waliomwita ndugu hawakuwa wamemtembelea kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe hakuacha neno lolote, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikaa hadi usiku wa manane, na mwishowe mwili ulichukuliwa. Asubuhi wazee waliomba kaburi lisifukiwe tupu, wakalaza ndani yake mgomba kama desturi inavyotaka. Tulisimama mbele ya kaburi lile tukiona aibu. Hatukuona aibu kwa kuwa tulishindwa usiku ule. Tuliona aibu kwa sababu ya siku ile tuliponyamaza kikaoni. Mtu tuliyemnyima kuwa wetu alipokuwa hai, kwa haki gani tulimdai alipokufa?

Kanisa linafundisha nini?

Sheria za Kanisa zina hekima ambayo haijulikani sana kwa waamini. Kuhusu asili, zinatambua mahali wazazi walipokuwa na makao mtoto alipozaliwa (taz. kan. 101). Lakini kuhusu makao ya mtu mzima, zinasema hupatikana kwa kuishi ndani ya parokia au jimbo kwa nia ya kudumu hapo, au kwa kuishi hapo miaka mitano kamili (taz. kan. 102). Kwa makao hayo mtu hupata paroko wake na askofu wake (taz. kan. 107). Maana yake ni kwamba mbele ya Kanisa, aliyeishi nasi miaka mitano ni mwanaparokia sawasawa na yule ambaye babu yake alibeba matofali ya kanisa. Hakuna mwanaparokia wa kuja. Kuhusu maziko nako, Kanisa linampa mwamini nafasi ya kuchagua makaburi yake (taz. kan. 1180). Tusiwaachie wanaotupenda ugomvi. Tuseme tungali hai.

Maandiko Matakatifu yanatupeleka mbali zaidi. Bwana wetu alizaliwa Bethlehemu, lakini aliitwa Mnazareti, na hilo ndilo jina lililoandikwa juu ya Msalaba wake. Tena Mathayo anauita Kapernaumu mji wake mwenyewe (taz. Mt 9:1), nao haukuwa alikozaliwa wala alikolelewa. Ruthu Mmoabi aliichagua nchi ya mkwewe hata kaburi lake liwe huko (taz. Rut 1:16-17), naye akawa mama wa babu yake mfalme Daudi. Mtume Paulo anawaambia Waefeso kwamba si wageni tena wala wapitaji, bali ni watu wa nyumbani mwake Mungu (taz. Efe 2:19). Na Barua kwa Waebrania inatukumbusha kwamba hata Abrahamu aliishi mahemani akiungojea mji ambao Mungu ndiye mjenzi wake (taz. Ebr 11:8-10).

Ndivyo Kanisa lilivyowaita watakatifu wake wengi. Augustino alizaliwa Tagaste, lakini ni wa Hipo alikokuwa Askofu. Mama Teresa alizaliwa Skopje, lakini ni wa Kalkuta alikowaokota wanaokufa. Na tena Kanisa lina namna yake ya kuhesabu siku ya kuzaliwa. Sikukuu ya Mtakatifu kwa kawaida huwekwa siku aliyokufa, kwa kuwa hiyo ndiyo siku aliyozaliwa kwa ajili ya mbinguni. Kwa hesabu hiyo, Antoni alizaliwa mara tatu: kwa mwili huko Lisbon, kwa maji na Roho katika kisima cha Ubatizo huko huko Lisbon, na kwa uzima wa milele mlangoni pa Padua. Wareno wana mara mbili, Waitalia wana moja, nayo ndiyo isiyo na mwisho.

Jibu letu, basi, ni hili. Mahali pa kuzaliwa ni zawadi. Hatukupachagua, na kwa sababu hiyo hatuna haki ya kupadharau wala ya kujivuna juu ya wenzetu kwa ajili yake. Mahali tunapojitoa ni jibu letu kwa zawadi hiyo. Zawadi haifutwi na jibu, lakini mtu hujulikana kwa jibu lake. Anayeuliza Antoni ni wa wapi aambiwe: alipewa Lisbon, akajitoa kwa Padua.

Wala hakuishia Padua. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu huko Mombasa ikiwa imezingirwa na Waomani, meli ya Kireno iliyotoka Goa ilizama chini ya kuta zake. Wapiga mbizi wataalamu waliichunguza katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Meli hiyo iliitwa Santo António de Tanná, yaani Mtakatifu Antoni wa Tanná, mji ulioko India. Hata bahari yetu ilipata kumjua kwa jina la mahali pengine kabisa. Na mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mwalimu wa wote.

Tunapoadhimisha kumbukumbu yake mwaka huu, kila jumuiya ijiulize: ni nani kati yetu ambaye bado tunamwita mgeni? Ni karama gani iliyofichika jikoni, kama ya Antoni huko Montepaolo, ikingojea tu kuambiwa isimame? Tusingoje kugombania miili yao. Nao walio mbali na walikozaliwa wasione haya kupapenda nyumbani kwao kwa zamani, wala wasiogope kupapenda mahali upepo wa Mungu ulipowashusha.

Mtakatifu Antoni, wewe unayetusaidia kuvipata vilivyopotea, utuombee tuwapate ndugu tuliowapoteza tukiwa tunaishi nao. Amina.